Mbwa anatweta, paka kajificha bafuni: kutafuta chanzo msimu wa joto Pwani

Kaskazi, ule upepo wa kaskazini-mashariki, ikishakolea, tuseme kuanzia Desemba mpaka Machi, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja hupata joto la fukuto. Mchana nyuzijoto hufika 32 au 33. Ukizitaja tu hazitishi, lakini hewa inakuwa imejaa maji kiasi kwamba hata kanga iliyoanikwa kivulini inachelewa kukauka. Hapo ndipo mbwa anapopata shida. Hana jasho la maana, ni kidogo tu kwenye nyayo. Anajipoza kwa kutweta: hewa inapita juu ya ulimi na koo lenye unyevu, unyevu unakauka, joto linaondoka nao. Hewa isiyokausha kanga haikaushi ulimi pia. Mbwa anaweza kutweta kutwa nzima na asipoe, na ndiyo maana nyuzi 32 za Temeke, Dar, zinamlemea kuliko nyuzi hizohizo Dodoma, ambako hewa ni kavu.

Wengi wetu tukimwona mbwa ulimi nje tunasema "joto tu hilo". Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine ni banda, au kupe, au dawa aliyopakwa jana, na kila kimoja kina njia yake. Ukishinda unamwagia maji mbwa mwenye homa ya kupe, umempa baridi na umepoteza siku. Anza na unachokiona, kisha rudi nyuma mpaka kwenye chanzo. Ila kuna dalili zisizokupa nafasi ya kuchunguza, na hizo ndizo za kwanza.

Anayumba, ameanguka, anatapika, au anapigwa degedege

Mbwa aliyekuwa kwenye joto au aliyetoka kukimbia, sasa anatembea kama mlevi, udenda umekuwa mzito wa kunata, macho yanakodoa, hasikii akiitwa. Fizi zimeiva nyekundu kupita kawaida, au zimeshapauka na kuelekea rangi ya bluu. Pengine ametapika au anaharisha damu. Huyo amezidiwa na joto. Mpoze kwanza, safari ya kwa daktari baadaye. Mbwa anayewekwa garini akiwa bado anachemka anaendelea kuungua ndani kwa muda wote wa foleni ya Barabara ya Mandela.

Mtoe juani, mlaze kwenye sakafu ya kivulini, mwagia maji mwili mzima. Usiishie kichwani, tumbo, kwapa na manena ndiko damu inakopita karibu na ngozi. Hapa pana mtego wa nyumba zetu: saa tisa mchana, maji ya bomba linalotoka kwenye tangi jeusi la juu ya paa ni ya moto. Yapime kwa mkono kabla. Yakiwa ya moto, chota kwenye ndoo au pipa lililo ndani. Huku mmoja akimwagia, mwingine ampepee kwa nguvu. Feni ikiwepo ni vizuri, isipokuwepo kipande cha boksi kinatosha. Maji peke yake yanasaidia, upepo peke yake kwa mnyama asiye na jasho unasaidia kidogo sana, viwili pamoja ndivyo vinavyoshusha joto.

Utasikia kwamba maji baridi yatamuua kwa mshtuko. Kwa mbwa aliyezidiwa, kinachomuua ni kuchelewa. Maji yoyote yaliyo baridi kuliko mwili wake yanafaa, na mbwa mwenye nguvu zake, asiye mzee wala mgonjwa, unaweza kumtumbukiza kwenye beseni kubwa, kichwa kikishikiliwa juu ya maji. Mzee au mgonjwa mmwagie na kumpepea tu. Kitu cha kuacha ni kumfunika kanga au taulo lililolowa na kumwacha hivyo: baada ya dakika chache kitambaa kinapata joto na kumfukiza kama chungu cha nyungu. Usimmiminie maji mdomoni pia, atapaliwa. Akiweza kunyanyua kichwa, msogezee bakuli anywe mwenyewe.

Joto la kawaida la mbwa na paka ni kati ya nyuzi 38 na 39.2. Likipita 40 tayari ni jambo la haraka, likifika 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Kipimajoto cha kidijitali cha duka la dawa kinatosha: pakaza mafuta ya kujipaka, ingiza kidogo kwenye njia ya haja kubwa, subiri kilie. Joto likishuka hadi 39.5 acha kumwagia, maana litaendelea kushuka lenyewe. Kama huna kipimajoto, acha pumzi ikishatulia na kichwa kimenyanyuka, au akianza kutetemeka kwa baridi.

Halafu nenda kwa daktari wa mifugo, hata kama sasa anatikisa mkia. Hapo ndipo watu wengi wanaporidhika mapema. Joto lililopita 41 linaumiza figo, ini na uwezo wa damu kuganda, na madhara yake hujitokeza siku ya kwanza hadi ya tatu. Vidoa vidogo vyekundu kwenye fizi au kwenye ngozi ya tumbo, mkojo mchache, kinyesi cheusi: hizo ni habari mbaya zinazokuja mbwa akiwa amekwisha kusimama.

Na Panadol? Hapana. Dawa ya kushusha homa inafanya kazi pale ubongo wenyewe ulipoamua kupandisha joto. Hapa joto limeingizwa kutoka nje, hakuna amri ya kufuta. Kwa paka ni mbaya zaidi, paracetamol ni sumu kwake, kipande cha kidonge kinaweza kumuua. Diclofenac na ibuprofen nazo ziache kwenye kabati lako.

Anatweta sana, lakini anasimama, anakunywa, anaitika

Huyu ndiye wa kila siku. Mpeleke kivulini penye upepo, mpe maji, mwache kama robo saa. Pumzi ikipungua, mwili wake unafanya kazi yake na kilichobaki ni kumwondolea mzigo. Isipopungua, chukua hatua zilizotajwa hapo juu kabla hajaanza kuyumba.

Chanzo cha kwanza kukitafuta ni banda. Nalitaja la kwanza kwa makusudi, kwa sababu mbwa wa ulinzi wa mjini hufungiwa kuanzia asubuhi na kufunguliwa usiku, kwa hiyo saa zote mbaya za siku anazimalizia humo. Banda la kawaida unalijua: tofali pande tatu, mlango wa nondo, bati juu, urefu wa kiuno cha mtu, limebanwa kwenye kona ya ukuta wa uzio. Asubuhi ukimfungia ni pazuri tu. Nenda saa nane mchana, piga magoti, ingiza mkono mpaka begani, peleka kiganja juu karibu na bati bila kuligusa. Joto linalokupiga kiganjani ndilo linalompiga mgongoni, naye hana pa kusogea. Ukuta wa uzio ulionyonya jua tangu saa nne unaendelea kumchoma ubavuni hata baada ya Magharibi. Ndani hewa haisogei, na pumzi yake mwenyewe inaongeza unyevu.

Marekebisho hayahitaji fundi wa gharama. Nyanyua paa tofali mbili au tatu na acha wazi chini yake, hewa ya moto itoke. Weka makuti juu ya bati. Ndiyo teknolojia ya Pwani kwa joto la Pwani, na sijaona dari ya kisasa inayolishinda kuti kwa bei ile. Ukikosa makuti, paka bati rangi nyeupe. Ng'oa tofali mbilimbili upande wa kaskazini-mashariki na upande unaokabiliana nao, kwa sababu miezi hii upepo unatoka huko, na banda lililozibwa upande huo linaukosa wote. Sakafu ya saruji ndani ya kivuli inampoza tumbo, usimtandikie godoro la sponji. Ukiweza kulihamisha kabisa chini ya mwembe au mkungu, umemaliza.

Mnyororo una hila yake. Asubuhi unamfunga kivulini, saa sita kivuli kimehamia upande wa pili wa mti na yeye yuko kwenye jua la utosi, mnyororo umejikunja kwenye shina na bakuli liko hatua mbili asizoweza kufika. Ukifunga, funga kwa kuangalia jua litakapokuwa saa nane. Bora usimfunge kabisa mchana: uzio upo, mwache achague mahali. Mbwa aliye huru atajichimbia shimo chini ya maua na kulala kwenye udongo wa baridi. Maua yataharibika.

Maji: mbwa mwenye uzito wa kilo 25 hunywa kama lita moja na nusu siku ya kawaida, na siku za fukuto zaidi. Lile kopo la siagi mliloliweka mlangoni ni nusu lita, amelipindua saa nne. Chungu cha udongo hakipinduki na kinahifadhi ubaridi kuliko plastiki. Weka viwili, sehemu mbili. Maji yaliyokaa juani yanakuwa ya moto na mbwa anayaacha, kisha watu wanasema hana kiu. Badilisha kila siku na usugue ukingo, maana mbu anayeeneza dengi anataga kwenye maji masafi yaliyosimama, na Dar tuliona mwaka 2014 na 2019 nini hutokea mbu huyo akipata pa kuzaliana.

Kisha mtazame mbwa mwenyewe. Wenye pua fupi, kama bulldog, pug, boxer na pekingese, wana njia ya hewa nyembamba kwa maumbile. Kutweta kwenyewe kwao ni kazi inayozalisha joto. Mnene ana hatari, mzee ana hatari, mwenye moyo mbovu hivyohivyo. German shepherd aliyeletwa Pwani kwa sababu anatisha anavaa koti ambalo hawezi kulivua. Mchane manyoya yaliyokufa, lakini usimnyoe mpaka ngozi, kwani manyoya hayo pia humkinga na jua.

La mwisho hapa ni mazoezi. Tunafikiri mbwa wa kuzidiwa ni yule aliyesahauliwa juani, lakini uchunguzi wa rekodi za kliniki za Uingereza uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta takriban robo tatu ya waliougua kwa joto walizidiwa kwenye mazoezi. Mbwa atakukimbilia mpira mpaka aanguke, kwa kuwa wewe ndiye uliyeurusha. Msimu huu mtembeze kabla ya saa moja asubuhi au usiku jua likishazama muda. Ufukweni chukua maji yako ya kunywa: akianza kulamba maji ya bahari atatapika na kuharisha, na hapo anapoteza maji akiwa tayari ana joto.

Mwili ni moto, lakini hakuwa kwenye joto

Amelala ndani sakafuni tangu jana, hajakimbia popote, hata usiku penye ubaridi kidogo mwili unawaka. Hataki chakula. Huyu ana homa, na Pwani mtuhumiwa wa kwanza ni kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa hukaa kwenye nyufa za banda na za ukuta, na joto linaharakisha kuzaliana kwake, kwa hiyo magonjwa yake yanakuja msimu uleule tunaosingizia jua.

Nyanyua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole gumba mpaka upauke, achia. Rangi irudi kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Mbwa wengi wa kienyeji wana fizi nyeusi na hapo huoni kitu. Shusha kope la chini la jicho, utazame utando wa ndani. Ukiwa mweupe kama karatasi, anapungukiwa damu. Ongeza mkojo wa rangi ya chai ya rangi, au damu inayotoka puani bila kupigwa, au vidoa tumboni. Mpekue masikioni, katikati ya vidole vya miguu, chini ya mkia. Kutokuona kupe leo hakumwachii huru. Kupe anaweza kuwa ameshakula na kuondoka.

Huyo asimwagiwe maji baridi kwa matumaini. Anahitaji kipimo cha damu na dawa sahihi, na banda linahitaji kupuliziwa kwenye nyufa, vinginevyo baada ya wiki chache mko palepale.

Udenda unachuruzika, misuli inatetemeka

Kabla ya kulaumu jua, uliza nyumba nzima: nani amepulizia nini, nani amempaka nini? Msimu wa joto ni msimu wa viroboto, na dawa zinatumika ovyo.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyokorogwa kwa makadirio ndiyo ninayoikuta zaidi. Aina yenye amitraz humfanya mbwa asinzie, ayumbe, mapigo ya moyo yawe ya polepole, na mwili mara nyingi uwe wa baridi. Hapo kipimajoto kinakutofautishia upesi: aliyezidiwa na joto hana nyuzi 37. Dawa za wadudu wa shambani za kundi la oganofosfati hutoa picha nyingine: udenda mwingi, kutetemeka, kuharisha, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Mafuta ya taa na oili chafu ya gari, ambavyo bado watu wanapaka kwa ajili ya upele, vinachoma ngozi, na mbwa akijilamba anavimeza. Kwa vyote hivi: mwoshe kwa maji ya kawaida na sabuni ya kuoshea vyombo, vaa glovu au mfuko wa plastiki mikononi, beba chupa ya dawa uende nayo kwa daktari. Maziwa hayaondoi sumu.

Paka ana mtego wake hapa. Dawa za matone za mbwa zenye permethrin ni sumu kali kwake. Saa chache baada ya kupakwa, masikio yanaanza kurukaruka, ngozi inatetemeka, kisha degedege, na degedege ndiyo inayopandisha joto. Mwenye nyumba anakuta paka wa moto anayetetemeka na kusema ni jua. Soma chupa. Ikiwa na picha ya mbwa peke yake, haimhusu paka, hata kwa tone.

Na kuna jambo moja lisilo la mzaha. Mbwa asiyechanjwa, aliyebadilika tabia, taya limelegea, udenda unatoka na hawezi kumeza: usitie mkono mdomoni kuangalia kama amekwamwa na mfupa. Hicho kinaweza kuwa kichaa cha mbwa. Mfungie, ita mtaalamu wa mifugo wa kata. Aliyeng'atwa au kulambwa kwenye jeraha aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Paka anahema mdomo wazi

Kwa mbwa kutweta ni kawaida. Kwa paka si kawaida. Paka anayehema mdomo wazi kwa zaidi ya dakika chache, baada ya kukimbizwa au safari ya boksi, ana tatizo: joto, moyo, au pumu. Mpeleke.

Paka mwenye afya huwa anajua kujitafutia. Anajilaza kwenye vigae vya bafuni, ndani ya sinki, chini ya mtungi wa maji, na anajilamba zaidi kwa sababu mate yanampoza. Ukimwona hivyo huna la kurekebisha ila kuacha mlango wa bafu wazi. Paka wanaozidiwa mara nyingi wamefungiwa mahali bila mtu kujua: stoo, banda la kuku, chumba cha dobi, gari lililoachwa kioo wazi usiku na kufungwa asubuhi. Paka asiyeonekana saa ya chakula atafutwe wakati huo, si kesho.

Nyumbani yuko sawa, garini anaharibika

Gari lililoegeshwa juani hupanda nyuzi 10 hivi ndani ya dakika 10 za mwanzo, na ndani ya saa moja 20 na zaidi. Nje ikiwa 32, fanya hesabu. Kioo kilichoachwa wazi kidogo hakibadilishi mengi. "Naingia dukani mara moja" ni dakika 10 bila foleni, na foleni ipo.

Nyuma ya pikapu bati linachoma nyayo. Buti la basi si mahali pa mtoto wa mbwa, hata boksi likitobolewa matundu mia. Na kiroba nyuma ya bodaboda kinajulikana kilivyo. Safiri alfajiri, au usiku.

Ananyanyua miguu, anachechemea, hataki kuvuka barabara

Weka mgongo wa mkono wako juu ya lami na uhesabu polepole hadi saba. Ukiuondoa kabla, hata yeye hapiti. Lami ya mchana inapita nyuzi 50 bila shida, na vigae vyeusi vya uani havipishani nayo sana. Nyayo zilizoungua zinakuwa nyekundu, zinavua ngozi, au zina malengelenge. Zipoze kwa maji, zikae safi na kavu, daktari aangalie. Dawa ya meno haitibu moto, wa mbwa wala wa mtu.

Hali chakula mchana, tumbo linaharisha

Kupungua hamu ya kula kwenye joto ni kawaida kama usiku anakula. Hamisha chakula kikubwa kwenda saa mbili usiku. Kuharisha ni kingine: ugali uliochanganywa na dagaa au vichwa vya samaki ukiachwa kwenye sufuria kuanzia asubuhi, saa nane umeshachacha. Mpe anachomaliza kwa robo saa, kinachobaki ondoa.

Ngozi: kidonda cha ghafla, majipu, ncha za masikio

Sehemu iliyolowa haikauki kwenye fukuto, naye anailamba mpaka inakuwa kidonda chekundu kinachonuka ndani ya siku moja. Baada ya kumwogesha mkaushe kweli, hasa chini ya mkanda wa shingo na nyuma ya masikio.

Majipu yenye tundu dogo katikati, hasa tumboni na kwenye makende, si majipu. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo, mabuu yake yakaingia chini ya ngozi ya mbwa anayelala hapo. Pakaza mafuta mazito juu ya tundu, buu likose hewa na kusogea nje, kisha litolewe zima; likipasukia ndani linaleta usaha. Suluhisho lenyewe ni kubadilisha mchanga wa banda na kupiga pasi matandiko yaliyoanikwa nje.

Paka mweupe, au mwenye masikio meupe, akianza kupata magamba na vidonda visivyopona kwenye ncha za masikio au puani, usisubiri. Jua kali la miaka linaleta saratani hapo, na ikikatwa mapema paka anaishi.

Sungura amejinyoosha, pua imelowa

Kati ya wanyama wote wa kufugwa nyumbani, sungura ndiye anayeliweza joto kidogo kabisa. Anastarehe nyuzi 15 hadi 20, na karibu na 30 yuko hatarini, maana yake Dar yuko hatarini nusu mwaka. Hatoki jasho, hatweti vizuri kama mbwa. Redieta yake ni masikio. Masikio ya moto, kulala amejinyoosha, pua iliyolowa, kichwa kinachorudi nyuma, mdomo wazi: tayari amechelewa. Mlowanishe masikio kwa maji ya kawaida na mpepee. Huyu usimtumbukize, mshtuko kweli unamuua. Kinga ni chupa ya plastiki yenye maji yaliyogandishwa, ifungwe kitambaa, iwekwe kwenye kizimba chake saa tano asubuhi na ibadilishwe alasiri. Na dume aliyeshinda kwenye joto kwa wiki kadhaa anaweza asizalishe kwa muda; kabla ya kumchinja kwa uzembe, mhamishe kivulini na msubiri miezi miwili.

Ukimpigia daktari simu

Mlinzi au dada wa nyumbani ndiye anayeona kwanza. "Bosi, Simba hajanyanyuka tangu saa nne" ni simu ya kupokelewa, hata ukiwa kwenye kikao. Mwachie ruhusa ya kumwagia maji bila kukusubiri, na namba ya daktari ikae ukutani karibu na geti. Daktari atataka kujua joto la mwili na saa lilipopimwa, rangi ya fizi au utando wa jicho, alikuwa wapi saa mbili zilizopita, amekula nini, amepakwa nini wiki hii, uzito wake kwa kukadiria, na lini alichanjwa mara ya mwisho. Kama amekojoa tangu azidiwe, sema mkojo ulikuwa wa rangi gani. Kama hajakojoa kabisa, litaje hilo kwanza.